Karatasi na sauti: yale tunayojifunza kwa wanafunzi wa China walio ugenini

(Haya ni maneno tuliyotoa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wao, huko Beni. Tunayachapa hapa kwa sababu wengi waliomba kuyasoma tena, pamoja na ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Tulipokuwa tunazunguka kati yenu siku zilizopita, tulisikia maneno mawili ambayo hayakutuacha tulale. La kwanza lilitoka kwa mama mmoja. Tulimuuliza kwa nini hakusema kitu siku mgawo wa chakula ulipoenda vibaya. Alijibu: «Nikisema, jina langu litafutwa kwenye listi. Na nikifutwa, watoto watakula nini?» La pili lilitoka kwa baba mmoja ambaye kijana wake anasoma katika inchi ya mbali. Kijana huyo aliandika juu ya mauaji yaliyotokea katika kijiji chao. Haikupita muda, watu wasiojulikana walikuja kumuuliza baba: «Mtoto wako ana shida gani na sisi?» Baba alituambia hivi: «Mtoto anasema kule, mzigo tunabeba sisi huku.»

Maneno haya mawili ni neno moja. Mtu anayeogopa kupoteza karatasi yake, au anayeogopa kwamba ndugu zake wataumizwa, hawezi kusema ukweli. Kwa hiyo leo hatutaanza na shida zetu wenyewe. Tutawapeleka mbali kidogo, kwa watu waliokutana na shida hiyo hiyo mbele yetu: wanafunzi wa China waliokuwa wakisoma Marekani na Australia mwaka 1989, na wale wanaosoma ng'ambo siku hizi. Tumechagua habari yao kwa sababu ilidumu miaka mingi, mwisho wake unajulikana, na ndani yake kuna mambo ya kuiga na mambo ya kujihadhari nayo.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno moja la amani. Hapa kwetu tunawaona Wachina katika kazi za barabara na katika machimbo, na wengine kati yetu wana malalamiko nao. Malalamiko hayo yana mahali pake. Lakini tusichanganye raia na serikali yake, wala mwanafunzi na mwenye kampuni. Sisi wenyewe hatupendi kuhesabiwa kuwa waasi kwa sababu tu ya kijiji tulichotoka.

Yaliyotokea mwaka 1989

Tarehe 15 Aprili 1989, Hu Yaobang alifariki. Alikuwa amewahi kuwa kiongozi wa chama kinachotawala China, na wanafunzi wengi walimpenda kwa sababu aliwahi kutaka mabadiliko. Wanafunzi wa Beijing walikusanyika kumlilia katika uwanja mkubwa unaoitwa Tiananmen. Kilio kikageuka madai: waliomba uhuru wa kusema, magazeti yasiyofungwa mdomo, na wakubwa waache rushwa. Watumishi na wakaaji wengine wa mji wakajiunga nao. Tarehe 20 Mei serikali ilitangaza utawala wa kijeshi katika mji. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Juni, askari waliingia na vifaru, wakapiga watu risasi. Mpaka leo serikali ya China haijatoa listi kamili ya majina ya waliokufa. Wengine wanasema ni mamia, wengine wanasema ni zaidi sana.

Wakati huo, wanafunzi wa China wapatao 40,000 walikuwa Marekani. Wengi walikuwa wametumwa kusoma fizikia, kemia, uinjinia na hesabu. Hawakwenda kule kufanya siasa. Walipoona habari katika televisheni, waliandamana mbele ya ubalozi wao. Kwa sababu redio na magazeti ya nyumbani yalikuwa yamefungwa, walituma habari China kwa faksi, hata kwa namba za maofisi ambayo hawakujua ni ya nani. Walitumaini kwamba mtu mmoja ataichukua ile karatasi na kumsomea mwingine.

Lakini walipomaliza kuandamana na kurudi vyumbani, kila mmoja alijikuta na swali gumu: «Sasa mimi nitaishi wapi?» Walikuwa wamepigwa picha. Pasipoti zao zilitolewa na serikali ile ile waliyoipinga, na siku ya kuzifanya upya ilikuwa inakaribia. Wengi waliingia Marekani na viza ya mabadilishano ya masomo, ambayo ilikuwa na sharti kali: ukimaliza masomo, ni lazima urudi kwenu na kukaa miaka 2 mbele ya kuomba ruhusa ya kuishi Marekani. Wazazi wao walikuwa China, na wengine walikuwa wameacha bibi au bwana na watoto kule.

Mnaona, ndugu zetu? Watu hawa hawakutoka kwao wakikimbia. Walitoka kwa heshima, na sanduku la vitabu mkononi. Nyumba iliungua nyuma yao wakiwa safarini. Sheria ya wakimbizi inatambua jambo hili: mtu anaweza kuwa mkimbizi bila kuvuka mpaka kwa mbio, ikiwa mambo yaliyotokea kwao baada ya yeye kuondoka yanafanya kurudi kwake kuwe hatari. Wazazi wenye watoto wanaosoma inje walishike neno hilo.

Ahadi na sheria

Siku chache baada ya mauaji, Raisi George H. W. Bush wa Marekani alisema wanafunzi wa China hawatalazimishwa kuondoka kwa muda wa mwaka mmoja. Lilikuwa neno jema. Wanafunzi walishukuru, lakini walijiuliza: na mwaka ukiisha?

Mwisho wa Julai 1989, wajumbe wa wanafunzi kutoka vyuo vikuu vingi walikutana Chicago, wakaunda muungano mmoja wa wanafunzi na wasomi wa China walioko Marekani. Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa kutafuta sheria. Walimpata mbunge mmoja aliyekuwa bado mgeni bungeni, Nancy Pelosi wa San Francisco, ambaye alipeleka mswada wa kuwalinda. Wanafunzi hawakuwa wanasheria. Walijifunza. Waliandika barua, walipiga simu, walibisha milango ya wabunge mmoja mmoja, wakaeleza habari zao kwa utulivu, kila mwanafunzi katika jimbo la chuo chake.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwezi wa Novemba 1989 Baraza la Wawakilishi lilikubali mswada kwa kura 403, bila hata kura moja ya kupinga. Seneti pia ilikubali. Lakini tarehe 30 Novemba Raisi Bush alikataa kuupitisha. Hakusema kwamba wanafunzi warudishwe. Alisema ulinzi huo huo atautoa yeye mwenyewe kwa amri: waondolewe sharti la miaka 2, waweze kufanya kazi, wahesabiwe kuwa wako inchini kwa halali. Aliona kwamba sheria ya bunge ingeikasirisha serikali ya China, na kuifanya isitume tena wanafunzi inje.

Hapa ndipo tunaomba msikie vizuri. Kama ni ninyi, mngefanya nini? Mkubwa amesema: «Nimewapa yote mnayotaka, sheria ya nini?» Wengine wangepiga makofi na kwenda nyumbani. Wanafunzi hawakufanya hivyo. Walijua kwamba anachotoa mtu mmoja kwa amri, mtu huyo au atakayemfuata anaweza kukiondoa kwa amri nyingine. Wazee wetu wanasema ahadi ni deni. Ni kweli, lakini mwenye deni akiondoka katika kiti, utamdai nani?

Basi wakarudi bungeni. Tarehe 24 Januari 1990 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kumshinda Raisi: 390 kwa 25. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Seneti. Waliokubali walikuwa 62, waliokataa 37. Ilitakiwa theluthi mbili. Walikosa kura 4 tu.

Tufikiri juu ya usiku ule. Miezi 7 ya kazi, na kura 4 zimewaangusha. Lakini kazi yao haikupotea. Tarehe 11 Aprili 1990 Raisi aliandika amri rasmi, yenye namba na sahihi, kwamba raia wa China waliokuwa Marekani hawatalazimishwa kuondoka mpaka tarehe 1 Januari 1994. Neno la mdomo likawa karatasi. Na wanafunzi waliendelea kudai sheria. Tarehe 9 Oktoba 1992, Raisi yule yule aliyekataa mara ya kwanza alitia sahihi sheria ya kuwalinda wanafunzi wa China. Ijapokuwa jina lake linataja wanafunzi, ilihusu raia wa China waliokuwa Marekani kati ya tarehe 5 Juni 1989 na tarehe 11 Aprili 1990. Maombi yalipokelewa tangu tarehe 1 Julai 1993 mpaka tarehe 30 Juni 1994. Watu wapatao 54,000 walipata ruhusa ya kukaa daima.

Huko Australia njia ilikuwa nyingine. Tarehe 9 Juni 1989, katika ibada ya kukumbuka waliokufa, Waziri Mkuu Bob Hawke alilia machozi mbele ya watu wote, akaahidi kwamba wanafunzi wa China hawatarudishwa kwa nguvu. Mwenyewe alikubali baadaye kwamba hakuwa amewauliza mawaziri wake kwanza. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, wanafunzi walikaa kwa ruhusa za muda, kisha kwa ruhusa ya miaka 4, na ilikuwa Novemba 1993 tu ndipo serikali iliyomfuata iliwafungulia mlango wa kukaa daima. Mwishowe zaidi ya watu 40,000 walipata makao, pamoja na familia zao. Hata machozi ya Waziri Mkuu yalihitaji miaka 4 na zaidi ili yageuke karatasi.

Mambo yasiyopendeza

Wapendwa, tukiwasimulia ushindi peke yake tutakuwa tumewadanganya. Kuna mambo mawili yenye uchungu katika habari hii.

La kwanza: ulinzi wa hawa uliwaongezea wengine foleni. Sheria ya 1992 ilisema kwamba kwa sababu ya waliopewa ruhusa, nafasi zipatazo 1,000 zipunguzwe kila mwaka katika hesabu ya viza za kukaa za raia wa China. Maana yake, Mchina mwingine ambaye hakuwa na habari ya mambo yale yote alingoja zaidi. Hata sisi tunajua jambo hili: listi mpya ikifunguliwa upande mmoja wa kambi, upande mwingine unahesabu nani amekatwa. Viongozi wanaojadiliana kwa niaba ya watu wao wanapaswa kuuliza kila mara: «Tunachopewa kinatoka wapi, na ni nani atakikosa?»

La pili: walipopata makaratasi, wengi walinyamaza. Walioingia katika muungano kwa sababu ya haki za binadamu na walioingia kwa sababu ya makaratasi walikuwa wamesimama pamoja, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Baada ya 1994, wengi walichukua kazi, walinunua nyumba, walizaa watoto. Nguvu ya muungano ikapungua. Mwaka huo huo, tarehe 26 Mei 1994, Raisi Bill Clinton alitenganisha mambo ya biashara na China na mambo ya haki za binadamu, kinyume cha amri aliyokuwa ametoa mwaka mmoja mbele. Waliobaki wakipiga kelele walikuwa wachache.

Hatuwahukumu. Mtu aliyekaa miaka 4 bila kujua kesho yake ana haki ya kupumzika. Lakini nyumbani kulikuwa na watu ambao hawakuweza kupumzika. Profesa Ding Zilin alipoteza kijana wake Jiang Jielian, wa miaka 17, katika usiku ule wa Juni. Pamoja na wazazi wengine alianza kutafuta familia za waliouawa, nyumba kwa nyumba, na kuandika majina. Askari polisi waliwafuata na kuwalinda milangoni. Walipata majina zaidi ya 200. Wanaomba mambo matatu: ukweli usemwe, familia zilipwe fidia, na waliohusika wajibu mbele ya sheria. Katika waliowatumia michango walikuwemo Wachina walio ugenini. Basi si wote waliosahau.

Wanafunzi wa leo

Tukiishia mwaka 1994, mtafikiri kwamba mambo hayo ni ya zamani. Sivyo.

Tarehe 24 Novemba 2022, nyumba ya ghorofa iliungua katika mji wa Urumqi, magharibi ya China. Serikali ilisema watu 10 walikufa. Wengi waliamini kwamba vizuizi vya ugonjwa wa korona viliwazuia kutoka na kuwachelewesha waokoaji. Katika miji mingi ya China watu walitoka wakiwa wameshika karatasi nyeupe, isiyoandikwa kitu. Walitaka kusema: mnajua tunachotaka kusema, na mnajua kwamba haturuhusiwi kukisema. Wanafunzi walio London, New York, Paris na miji mingine walisimama pia usiku na mishumaa na karatasi nyeupe. Wengi walifunika nyuso.

Kwa nini wafunike nyuso katika inchi yenye uhuru? Kwa sababu sheria ya inchi ulipo inaweza kukulinda wewe, lakini haimlindi mama yako aliyebaki. Mwaka 2019, mwanafunzi mmoja aliyesoma katika jimbo la Minnesota, Marekani, alikamatwa aliporudi kwao China. Alihukumiwa miezi 6 kwa maneno ya kumchekelea kiongozi wa inchi, maneno aliyoyaandika kwenye intaneti akiwa Marekani. Mwezi wa Mei 2024 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanafunzi 32 wa China na Hong Kong, katika inchi 8 za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Karibu theluthi moja walisema kwamba watumishi wa serikali waliwaendea ndugu zao nyumbani juu ya yale waliyoyafanya inje. Tazameni: baba wa hapa Beni aliyetuambia kwamba yeye ndiye anayebeba mzigo ana wenzake wengi, hata upande ule wa dunia.

Na upande wa pili nao hauna usalama kamili. Tarehe 28 Mei 2025, Waziri wa Mambo ya Inje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba serikali itafuta kwa nguvu viza za wanafunzi wa China, wakiwemo wenye uhusiano na chama kinachotawala au wanaosoma mambo fulani ya ufundi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Raisi Donald Trump alisema kwamba wanafunzi 600,000 wa China wangekaribishwa. Kati ya maneno hayo mawili ilipita miezi 3 tu. Mwanafunzi anayepinga serikali ya kwao anaogopwa nyumbani kama msaliti, na anatazamwa ugenini kama mpelelezi. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Sisi wa mashariki ya Congo hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo.

Sasa sisi tufanye nini?

Tumesafiri mbali, turudi nyumbani. Wanafunzi wale walikuwa na vyuo vikuu na simu. Ninyi mna hema na jembe. Hatusemi kwamba hali ni moja. Lakini kuna mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Jambo la kwanza: tuombe kanuni, tusiombe fadhili. Mkubwa akisema «Msiwe na wasiwasi, hakuna atakayewafukuza kwenye uwanja huu», tumshukuru, kisha tuombe aandike, atie tarehe na sahihi, na nakala ibaki kwa kamati. Mwenye shirika akisema «Atakayelalamika hatafutwa», tuombe hilo libandikwe mahali pa mgawo, kwa lugha ambayo kila mtu anaisoma. Mna haki ya kuomba hivyo. Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kwamba aliyehama makwao apewe vitambulisho na makaratasi yake, na kwamba aliyeyapoteza asiwekewe masharti yasiyo ya haki. Zinasema pia kwamba kurudi nyumbani kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009, ambayo ni ya inchi za Afrika, yanaendelea katika njia hiyo hiyo. Hii si sadaka ya mtu.

Jambo la pili: tuseme pamoja. Mama mmoja akilalamika, jina lake linaonekana. Familia 60 zikilalamika katika barua moja, hakuna jina la kwanza la kufutwa. Wanafunzi walifika bungeni kwa sababu walikuja kama muungano wenye wajumbe waliochaguliwa. Kamati zetu zichaguliwe kweli, wamama na vijana wawemo, na watu wa makabila yote yaliyo kambini wawemo. Kamati ya kabila moja italinda karatasi za kabila moja.

Jambo la tatu: tulinde waliobaki nyuma na walio mbali. Kijana wako akiwa Kampala, Kinshasa au Ulaya na anataka kuandika juu ya yaliyotokea kijijini, msimkataze kwa hasira, wala yeye asiandike bila kuwauliza. Zungumzeni kwanza. Asitaje majina ya waliomwambia habari. Asitume picha zinazoonyesha nyuso au nyumba. Asiseme ni siku gani mama yake aliongea naye. Ukweli unaweza kusemwa bila kumfungulia adui mlango wa jirani. Nasi tunaofanya kazi za mashirika tunajiambia neno hilo hilo: mara nyingi tumepiga picha zenu na kuandika majina yenu bila kufikiri vya kutosha ni nani atakayeyasoma. Tunaomba msamaha, na tumekubaliana kati yetu kwamba hatutachapa jina la mtu bila yeye kukubali, akiwa amejua hatari yake.

Jambo la nne: tuandike majina, na tusiwasahau. Profesa Ding Zilin hakuwa na jeshi wala mahakama. Alikuwa na daftari. Andikeni ni nani aliyekufa, ni nani aliyepotea, shamba la nani lilikuwa wapi, mipaka yake ni mto gani au mti gani. Wekeni nakala mbili, sehemu mbili tofauti, kwa watu mnaowaamini. Siku ya ukweli ikifika, asiye na daftari atabaki na machozi tu. Na siku ambapo baadhi yenu watapata kiwanja, au kazi, au njia ya kwenda ng'ambo, mkumbuke wale waliokuwa nyuma yenu katika mstari. Hapo ndipo wengi wa wale wanafunzi walipojikwaa.

Kwa kumaliza, tunarudi kwa yule mama aliyeogopa kufutwa. Hatukumwambia awe shujaa. Haifai kumwomba mtu mwenye njaa awe shujaa peke yake. Tulimwambia kwamba kosa si la woga wake, bali ni la listi ambayo mtu mmoja anaweza kuifuta kwa kalamu yake bila kuulizwa. Kazi yetu sote, sisi na ninyi viongozi, ni kuifanya listi ile isiwe ya mtu mmoja. Siku ile mama atasema mwenyewe, bila kusukumwa.



Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kambi yetu au mtaa wetu, ni ahadi gani tulizopewa kwa mdomo tu? Ni ipi tungependa kuanza nayo ili iandikwe?

2. Je, kuna watu kati yetu wanaoogopa kulalamika? Wanaogopa kupoteza nini? Kamati inaweza kufanya nini ili wasisimame peke yao?

3. Tuna watoto au ndugu walio mbali wanaosema juu ya mambo ya kwetu? Tumepatana nao namna gani juu ya kulinda familia?

4. Wanafunzi wengi walinyamaza walipopata makaratasi. Tungekuwa sisi, tungefanya nini ili tusiwasahau waliobaki?